Sista Aliyetukataza Kusema Pole

Tulimwita Sista, na karibu kila mzazi mpya aliyeelekezwa kwake alidhani anapelekwa kwa mtawa. Mama Abdi, aliyetoka Kulamawe na mwanawe mgongoni, alifika mlangoni akamwuliza mlinzi kama Mwislamu anaruhusiwa kuingia kwa masista. Ilibidi aelezwe kwamba huyu ni Sista wa hospitali, nesi aliyestaafu, mwenye watoto wakubwa na ulimi mkali, na kwamba ukumbi ni wa kanisa lakini Alhamisi mchana ni wa yeyote aliye na mtoto mwenye usonji. Sista aliposikia alicheka hadi akafuta macho. "Salaam aleikum, ingia," akamwambia. "Hapa hatuna mtawa hata mmoja."

Sijui alizaliwa wapi, na kabila lake sikuwahi kulijua kwa hakika. Kwetu Isiolo hilo si jambo dogo, maana mtu huulizwa kabila kabla hajaulizwa jina. Yeye alikuwa na salamu ya kila mmoja. Kwangu mimi Mturkana alisema "Ejok", kwa mama wa Kiborana "Nagaa", kwa mwenye duka kutoka upande wa Meru "Muga", na kila mtu aliondoka akiamini Sista ni wa kwao. Mimi mpaka leo naamini alikuwa na Uturkana kidogo, na usijaribu kunibishia.

Kabla sijaendelea naye, niseme kilichonipeleka kwake. Mimi ni fundi cherehani, hapa Bulla Pesa, kwenye ploti ya vyumba vya mabati. Binti yetu Akiru ana usonji. Tulimwita hivyo kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha, na mvua hajawahi kuiogopa. Alichokiogopa ni upepo. Asiyeishi hapa anaweza kucheka. Lakini upepo wetu huamka mchana, ukabeba vumbi na karatasi za nailoni, ukayapiga mabati ya ploti nzima kwa pamoja, na Akiru akiusikia aliingia chini ya meza ya cherehani, akajiuma mkono, akalia mpaka sauti ikakauka.

Basi nikapanga maisha yangu kuuzunguka upepo. Nilimtoa shuleni kabla ya saa sita. Niliziba dirisha kwa vipande vya kitambaa. Nilipandisha matairi na mawe juu ya paa ili mabati yasigonge. Sikwenda mazishi, sikwenda harusi, hata nyuzi niliagiza nikaletewa. Mke wangu alikuwa mpishi katika mkahawa karibu na stendi na alirudi jioni, kwa hiyo mchana wote ulikuwa wangu, na hofu ya Akiru ilikuwa yangu pia. Kufika saa tano asubuhi, hata kama hakuna jani linalotikisika, nilikuwa nimeshaacha kushona, nikisikiliza paa.

Na nyuma ya hofu ya upepo kulikuwa na nyingine ambayo sikuisema kwa mtu. Nina presha. Baba yangu alikufa kwa presha akiwa kijana kuliko mimi. Nilikuwa nikishona kola ya shati la mtu huku nikijiuliza: siku nisipokuwapo, nani ataingia chini ya meza na mtoto huyu? Nililiwaza hilo mpaka sindano ikanidunga. Kisha mwalimu mkuu wa shule yenye darasa la watoto kama Akiru akaniita. Aliniambia kwa heshima kwamba watoto wengine wanangoja nafasi, na kama Akiru hawezi kukaa mpaka jioni, muhula ukiisha itabidi nafasi yake apewe mwingine.

Ndivyo nilivyofika kwa Sista. Nilimpeleka Akiru kama mtu anavyopeleka redio kwa fundi, nikiwa tayari kuketi kando na kungoja irudi inaongea. Sista alimtazama, akampa vifuniko vya chupa za soda azungushe sakafuni, akavuta kiti mbele yangu.

"Mtoto yuko sawa hapo," alisema. "Nataka wewe."

"Mimi si mgonjwa, Sista."

"Nani amesema mgonjwa? Huyu mtoto ananiona mimi kidogo tu, Alhamisi. Wewe anakuona kila siku. Sasa dawa ni nani hapo?"

Nilikasirika, nisifiche. Nilikuwa nimefunga kazi za watu. Nilikuwa nimezunguka kwa waombezi, kwa wa mitishamba na kwenye kliniki, na sasa mwanamke huyu ananiambia dawa ni mimi, yaani mtu yuleyule aliyeshindwa. Nilitoka nikiapa sitarudi. Alhamisi iliyofuata nilikuwa wa kwanza kufika, kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda.

Kazi hii hakuibuni yeye, na hakujidai. Alisema alifunzwa kwenye semina na watu waliokuja, wakafundisha, wakaondoka, naye akabaki nayo kwa kuwa haikuwa na mwenyewe. Alituambia mtoto mwenye usonji hana wasiwasi wa kuigiza, na kwamba kumfokea aache ni kazi bure. Lakini kila tunapomwondolea kinachomtisha kabla hakijafika, anabaki akijua jambo moja tu, kwamba baba alimwokoa. Hajui kwamba kingepita. Sisi wazazi ndio tulipaswa kubadilika kwanza, kidogo kidogo, naye angetufuata kwa mwendo wake.

Alikuwa mkali juu ya tofauti moja. "Sauti ikimuumiza masikio, hiyo ni maumivu, mpe kitu ya kuziba," alisema, na akanipatia vile vifuniko vya masikio wanavyovaa watu wa mashine za kusaga. "Lakini akilia kwa sababu ya sauti haijafika bado, hiyo ndiyo kazi yetu." Na mzazi akilalamika kwamba mtoto anapeperusha mikono, alimkata kauli. Mikono haikumkosea mtu, alisema, tuiache ipepee.

Sasa nifike kwenye lile neno.

Alhamisi moja upepo uliinuka tukiwa ukumbini. Akiru aliinua kichwa kabla yetu sote. "Pole anakuja," alisema. "Pole anakuja. Pole anakuja." Mimi nikaruka, nikamkumbatia, nikamziba masikio. "Pole mama, pole sana, Baba yuko hapa, pole." Na wamama nao wakaanza, kama tulivyolelewa, pole, pole, ukumbi mzima unampa pole mtoto mmoja.

Sista hakuinuka. Alingoja upepo upite na Akiru atulie, ndipo akaniuliza, "Umesikia vile amesema?"

"Amesema pole," nikajibu, tena kwa fahari. Nyumbani tuliamini ni moyo wake mzuri. Tuliwaambia hata wageni: mwoneni huyu, anaogopa lakini bado anatupa sisi pole.

"Hapana. Amesema Pole anakuja. Pole ni nani?"

Nikamgeukia Mama Abdi, kana kwamba yeye anamjua.

"Baba Akiru, tangu akiwa mdogo, upepo ikianza unamwambia nini?"

"Namwambia pole."

"Kabla alie ama akishalia?"

"Kabla. Ndiyo asilie."

"Basi hiyo ndiyo jina yake. Huyu mtoto hajui pole ni huruma. Anajua pole ni upepo. Umemwonyesha kitu, ukaiita jina, na uso ya mtu amefiwa, kila siku. Yeye anashika neno vile ameipewa."

Nilimtazama binti yangu, aliyekuwa amerudia vifuniko vyake. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimtangazia adui. Kila nilipotaka kumtuliza, nilikuwa mpiga mbiu. Mama Abdi alijifunika uso kwa mtandio, kwa sababu naye alikuwa akimwambia Abdi pole kila alipomkaribia na mkasi wa kumnyoa, na Abdi siku hizo alikuwa akikimbia akiliona tu begi ambamo mkasi hukaa.

Hapo ndipo Sista alipotupiga marufuku. Pole ni ya msiba na ya mtu aliyejikwaa, alisema. Mtoto ambaye hajaumia asipewe. Mahali pake tuseme tunachokiona na tunachokiamini: naona unaogopa, huu ni upepo, utaweza. Tusiseme hakuna kitu, maana kitu kipo na mtoto anakisikia. Na tusiseme mara kumi, tuseme mara moja na tufunge mdomo.

Jaribu basi kukaa siku moja Isiolo bila kusema pole. Unampa aliyepiga chafya, aliyebeba mzigo, anayetoka kazini, aliyenyeshewa na aliyekosa maji. Neno lilinitoka kabla sijajua nimefungua mdomo. Mke wangu alikuwa akijiuma kidole. Mwenye duka alisema anahisi kama amekatazwa kupumua. Na aliyetukataza, nje ya ukumbi, alikuwa mtu wa pole kuliko sisi sote. Nilimsikia kwa masikio yangu akimpa pole punda aliyekuwa akivuta mkokoteni wa maji. Nilipomkumbusha sheria yake alijibu kwamba yule punda ameumia kweli, niangalie mgongo wake.

Alipenda njugu karanga na alitafuna akifikiri. Hakusubiri mtu amalize kueleza. Akishaelewa alinyanyua mkono kama askari wa barabarani. Akifunga ukumbi aliondoka hatua chache, akarudi kutikisa kufuli, akaondoka tena, akarudi tena. Tulimngoja langoni. "Hii hofu ni yangu, iacheni," alisema.

Halafu kulikuwa na habari ya ngamia. Mwanamke aliyezalisha wamama njiani na kushona vidonda vya watu waliopigwa panga alikuwa akiogopa ngamia. Wakipita mjini yeye alizunguka mtaa mzima. Mama Abdi ndiye aliyemgundua, na hakumwachilia.

"Sista, wewe unatuambia tusikimbie, na wewe unapitia kwa fundi wa viatu kukwepa ngamia?"

"Ngamia anauma, Mama Abdi. Upepo haina meno."

"Huyo wa ndugu yangu hana shida. Ni mpole kama kondoo."

Alhamisi iliyofuata ndugu yake aliyekuwa akiuza maziwa ya ngamia alisimama langoni mwa kanisa na mnyama kamba mkononi. Tulijipanga ukutani. Sista alitoka, akamwona, akatutukana kwa lugha zote alizozijua, na hakuna hata mmoja wetu aliyempa pole. Mama Abdi alimwambia kwa sauti ya upole tu, "Naona unaogopa. Utaweza." Sista alisogea kidogo, akasimama, akasogea tena, akagusa shingo ya ngamia kwa ncha ya kidole na kurudi ndani bila kugeuka. Siku ile alikataa kuongea na sisi. Lakini aliwahi kuniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipojua tumeanza kuelewa kazi.

Si yote yaliyomwendea vizuri. Mwenye duka alikuwa na mwana anayeogopa giza, na aliposikia kwamba mtoto asiepushwe na hofu yake, akamfungia ndani ya stoo ya duka ili azoee. Mtoto alijipiga kichwa ukutani. Baba mtu alipotusimulia, kwa sauti ya mtu anayengoja kusifiwa, Sista alisimama. Nilidhani atampiga. Alimwambia kwamba kumwachia mtoto apite kidogo kidogo na mtu anayemwamini ni kitu kimoja, na kumtupa ni kingine, na kwamba mtoto akishaamini baba ndiye mlango uliofungwa, hakuna nesi wa kumrudisha. Kisha akaketi na kulia mbele yetu. "Mimi ndiye nilisema vibaya," akarudia. "Nilisema vibaya, mkasikia vibaya." Wiki nyingi baada ya hapo kila alichotufundisha alituuliza tumekisikiaje, akamtaka kila mmoja amrudishie kwa maneno yake mwenyewe.

Mimi mambo yale yalinitia woga mpya. Nikawa naogopa kumwokoa Akiru na naogopa kutomwokoa. Nilimwambia Sista, naye akaja kwetu na kipande cha bati ndani ya gunia. Alikuwa amelibeba kutoka kwa fundi wa masanduku, mabegani, katikati ya Bulla Pesa, na watu walishamwona kama aliyerukwa na akili. Hakumwonyesha Akiru. Alinipa mimi nilitikise, taratibu, mpaka uso wangu ukaacha kujikunja.

"Sasa mwekee chini," alisema. "Asipotaka asiguse."

Lilikaa pale kwenye sakafu siku kadhaa. Akiru alilizunguka. Siku moja aliligonga kwa kifuniko cha soda. Siku nyingine alilishika ukingo na kulitikisa mwenyewe, akasikiliza, akatikisa tena, mpaka jirani akapiga ukuta. Sauti sasa ilikuwa inatoka mikononi mwake. Tukaenda hivyo, kidogo na kidogo: upepo hafifu mlango ukiwa wazi na mimi kando yake, kisha mimi mlangoni, kisha mimi nje karibu na tangi la maji la ploti. Kuna siku tulirudi nyuma kabisa, akakaa chini ya meza mpaka mama yake akarudi. Sista alisema kurudi nyuma ni sehemu ya kwenda, ila mimi siku hizo nilikwenda kulala nikiwa na hakika kwamba nimemharibu.

Nami kila mara nikamwuliza lile swali langu. Sista, nikifa? Alikuwa na jibu kwa kila jambo, hata kwa mambo ambayo hakuulizwa, lakini kwa hilo aliokota njugu zake. "Hapo sina la kukuambia," alisema. "Tuendelee na kazi." Niliona ni ukatili. Wazazi wote wa ukumbini walikuwa na swali hilo hilo, nililiona machoni mwao, na yule mwenye ulimi mkali alikuwa amefyata.

Siku ya Akiru kukaa shuleni mpaka jioni ilipofika, mwalimu wa darasa alikuwa ameshaelezwa: vifuniko vya masikio viko kwenye begi, akitaka kuingia chini ya dawati aingie, lakini asipigiwe simu baba. Nilidhani Sista ataenda shuleni. Alikuja kwangu. Aliweka stuli mlangoni mwa chumba cha kushonea, akaketi, na njia ikawa imeziba.

"Sista, huko ndiko kuna mgonjwa."

"Huko kuna mwalimu. Shona."

Nikashona. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Kisha karatasi ya nailoni ikapita mlangoni ikiruka, na bati la kwanza likagonga upande wa msikiti, la pili, halafu ploti yote. Nilisimama. Yeye hakusimama. Nilimwambia nataka kwenda msalani, akanijibu nimetoka huko sasa hivi. Nilimwambia mimi ni baba yake, sheria haiwezi kunizuia. Akasema hakuna sheria, nikitaka kupita nimruke tu, ila nijue Akiru akiniona langoni atajifunza kwamba shuleni kuna hatari kubwa kiasi cha kumleta baba mbio. Nilimchukia. Moyo ulinipiga masikioni, na nikawaza: presha ndiyo hii, leo ndiyo leo. Nikarudi kwenye mashine. Nilipokuja kuangalia, nilikuwa nimeunganisha miguu miwili ya suruali ya mtu mpaka chini.

Sista aliitazama ile suruali. "Huyo mteja ataruka kama sungura," alisema, na nikacheka kwa nguvu mpaka nikalia. Hakuniambia ninyamaze.

Akiru aliletwa jioni na mama mmoja jirani. Vumbi lilikuwa limemjaa nywele. Mkononi kulikuwa na alama za meno, nyekundu, na nilipoziona neno lile lilifika kwenye ulimi wangu na nikalimeza. Sista alimshika mkono, akauangalia kwa macho yake ya nesi.

"Ameuma," alisema. "Na amebaki."

"Upepo umekuja," Akiru akasema, bila kumtazama yeyote kati yetu. "Upepo umeenda." Kisha akauliza chapati iko wapi.

Nafasi yake haikupewa mtu. Muhula ule alikosa siku kadhaa, na uliofuata akakosa tena, zaidi ya nilivyopenda, lakini mwalimu mkuu hakuniita tena kwa jambo hilo. Sikupona mimi. Watu hudhani mtoto akisonga, mzazi husonga naye, na si kweli. Mpaka leo nikisikia bati linagonga, mguu wangu hutoka kwenye pedali.

Sista aliacha kuja ukumbini mguu ulipomshinda. Alhamisi zikashikwa na Mama Abdi, ambaye ana sauti ndogo kuliko yake na subira kubwa kuliko yetu sote. Miaka ikapita kwa kupigiana simu za Krismasi na Idi. Kisha nikasikia kwamba binti yake mkubwa anakuja kumchukua, akaishi naye Nakuru, na hatarudi. Jumapili moja baada ya kanisa nikamchukua Akiru, tukapanda pikipiki ya kijana wa ploti yetu mpaka kwake Burat.

Nyumba yake iko katikati ya shamba dogo la mahindi na sukuma, mbali kidogo na barabara. Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya stuli, amekonda. Sauti ilikuwa ileile. "Ejok, fundi. Bado unaunganisha suruali?" Akiru, ambaye sasa ni mrefu kuliko mama yake, hakumsalimia. Alikunywa chai yake kwa mkupuo mmoja, akaenda kusimama mlangoni akatazama mahindi. Sista alimwangalia kwa muda mrefu, na sikumwona akimwangalia mtu mwingine hivyo.

Tuliongea habari za watu. Abdi ananyolewa na kinyozi wa kawaida. Mwana wa mwenye duka bado analala taa ikiwaka, na baba yake analala naye chumba kimoja, na Sista akasema hilo nalo ni jambo. Kisha tukaishiwa. Niliona mifuko imefungwa kando ya ukuta, na nikajua kwamba nisipouliza leo sitauliza tena.

"Sista. Ile swali yangu."

Hakujifanya hajui ni lipi.

"Atalia," alisema. "Atalia sana, na atauma mkono. Atakutafuta chini ya hiyo meza yako, siku nyingi, na watu watamwambia hauko na ataendelea kutafuta. Halafu atachoka. Halafu atasikia njaa, na atakula."

Nilingoja aendelee. Hakukuwa na zaidi. Nilitaka aniambie binti yangu hatanisahau, au Mungu ataona njia, chochote ambacho mtu angemwambia mwenzake. Machozi yalinitoka mbele yake na sikuyafuta.

"Kwa nini hukuniambia zamani?"

"Zamani hangekula."

Nje, majani ya mahindi yalikuwa yameanza kusuguana, na paa likajibu kwa kishindo kimoja kidogo. Akiru akageuka.

"Twende," alisema.

"Ngoja mama, nimalize chai."

Hakungoja. Alishuka ngazi ya mlangoni, akashika njia ya katikati ya mahindi inayokwenda barabarani, ambako kijana wa pikipiki alikuwa akitungoja. Upepo ulimpiga sketi upande mmoja. Aliziba masikio kwa mikono yake, akaendelea kutembea. Mahindi yakamfunika.

Nilishaweka kikombe chini na nilikuwa nusu nimesimama. Sista hakunigusa.

"Anajua njia?"

"Anajua."

"Basi kuna chai hapo."

Niliketi. Nilikunywa yote, mpaka majani yaliyotulia chini, upepo ukiyavuta mabati juu ya vichwa vyetu, kisha nikamnyooshea kikombe aniongeze.